Nyonga ya Mzee Ambakisye

Kwa sheria, tantali iliyomo mwilini mwa mtu ni ya kuazimwa mpaka mfupa wake utakapoishika. Metali hiyo haishiki kutu, mwili hauikatai, wala haiyeyuki katika moto wa injini za vyombo vya anga, kwa hiyo kila mtu anaitaka.

Asubuhi moja mpimaji wa tantali alifika Tukuyu, akapitisha kifaa chake juu ya nyonga ya bandia ya Mzee Ambakisye. Akarudia.

"Mzee, unatembea kweli?"

Sekela, mkewe, alicheka. "Nani, huyu? Tangu apasuliwe hajagusa hata ndoo. Maji nachota mimi, ndizi nakata mimi. Nimembeba kama yai."

Mpimaji hakucheka. "Mama, mfupa huota ndani ya vitundu vya metali ukibebeshwa uzito. Huu umelala. Nikirudi mvua zikikatika nikaukuta hivi, tutaitoa metali apewe mtu mwingine."

"Na yeye atatembeaje?"

"Hatatembea, mama."

Alipoondoka, Sekela alibaki mlangoni, pindo la kanga mdomoni.

"Usijilaumu, Mama Lusajo," mumewe alisema. "Mimi mwenyewe nilipenda kudekezwa."

Sekela akamletea ndoo. "Inuka, Baba Lusajo. Twende mtoni."

Kuteremka, alimfuata kwa nyuma, mikono ameikinga karibu na kiuno chake bila kumgusa. Lakini walipoanza kupanda, mumewe ameibeba ndoo imejaa, na Sekela akamsikia anagumia kwa maumivu, aliirudisha mikono nyuma ya mgongo wake mwenyewe, akafungamanisha vidole, isije ikamsaidia.