Donati ya Kijani

Bi Hidaya alikuja na neno moja tu kinywani: hapana. Alingoja mwanawe, Makame, aende kununua maji, amwambie huyo mchumba wake, Raya, ana kwa ana.

Lakini Raya alikuwa ameshamwekea donati mbele, hizo za mochi, unga wa mchele unaonata, kijani kama ukoga wa mtaroni. Ukumbi mzima wa vyakula ulinuka mafuta ya jana. Bi Hidaya alipoing'ata, haikukatika. Ilivutika kama kamasi, ikamjaa mdomoni, vuguvugu, na utamu wa kuchefua moyo. Akatafuna, ikazidi kunata. Mara akahisi meno yake ya juu yananyanyuka.

Yalikuwa ya bandia, na hata Makame hakujua.

Kichefuchefu kikampanda, macho yakamtoka. Raya akanyoosha mtandio wake, akamsitiri na macho ya watu, kisha akakinga kiganja chini ya kidevu cha Bi Hidaya.

"Tema, mama."

Akatikisa kichwa. Ateme mkononi mwa mkwe! Bora afe.

"Tema tu. Hakuna anayeona."

Akatema. Meno yakadondoka yakiwa yamening'iniza uchafu ule wa kijani, ute ukitiririka hadi kwenye bangili. Bi Hidaya akaikodolea macho pua ya yule binti, akiomba ijikunje, walau kidogo, apate sababu ya ile hapana yake.

Haikujikunja.

Makame akarudi na chupa za maji. "Haya, mama, mmezungumza?"

Raya akafumba ngumi, akaishusha chini ya meza. Bi Hidaya naye akafumba mdomo, akiutazama ute unavyochuruzika katikati ya vidole vya binti.