Ufa wa Ukingoni

"Dada, shamba yangu iko wapi?" kaka yake aliuliza, sanduku la mifupa ya mkewe likiwa begani.

Natalina akamwonyesha maji.

Baba yao aliwagawia kisiwa hiki kilicho mbele ya Juba: kichwa chenye udongo mweusi akapewa mwana, mkia wa mchanga akapewa binti. Wifi yake alicheka siku ile: "Atapanda mchanga, avune mchanga." Kisha vita vikampeleka yeye na mumewe Uganda. Kwa miaka ishirini Nile ilikimega kile kichwa na kuutapika udongo wake mkiani, na sasa, mwaka wa pili wa amani, mahindi ya Natalina yalimpita kimo.

"Basi nipe pahali kidogo tu," kaka alisihi. "Mama ya watoto alikataa kulala Uganda."

Natalina akatembea hadi ukingoni. Ufa mwembamba kama uzi ulipita kwenye udongo, hatua nne kutoka majini. Mvua moja kubwa, na kipande chote kingekwenda. Akaufunika kwa mguu pale ulipoachama zaidi.

"Mzike hapa, upande wa maji. Udongo ni laini, hutachoka."

Kaka akapiga magoti, akaukumbatia mguu ule huku akilia kwa shukrani.

Natalina hakuuinua.