Hereni za Sikudhani

Mwanakombo ndiye aliyeisoma karatasi ya picha ya titi la wifi yake, akaitangaza mtaa mzima: "Sikudhani yuko namba nne. Hana siku nyingi."

Sasa walikaa benchi moja hospitalini, Sikudhani akisubiri kuchomwa sindano ya kuchukua kinyama cha titi kikapimwe. Hereni zake za dhahabu zilikuwa tayari masikioni mwa Mwanakombo. "Nakutunzia tu," wifi alikuwa amesema.

Sista Perpetua akatoka na jalada. Hakuzungumza akiwa wima. Alikaa, akamshika Sikudhani mkono kwanza.

"Mama, nimesikia yanayosemwa mtaani. Namba nne hii ni ya picha. Inasema kuna kitu kinatia shaka, ndiyo maana tunapima. Siyo hatua ya nne ya saratani. Wengi wenye namba hii hukutwa hawana saratani."

"Na mimi?"

"Wewe bado hatujui, mama. Tusubiri majibu."

Sikudhani akashusha pumzi, kisha akageuka taratibu.

"Wifi, vua hereni zangu."

"Hapa, mbele za watu?"

"Uliponizika ilikuwa mbele za watu."

Benchi zima likacheka. Mwanakombo akavua moja, akamkabidhi, macho chini. Ya pili ikagoma kutoka.

Jina la Sikudhani likaitwa.

"Endelea kuvuta," alisema akiinuka. "Ukimaliza, jioni utapita nyumba zilezile, uwaambie ulisoma vibaya."

Akaingia na hereni moja ndani ya ngumi. Mlango ulipofungwa, Mwanakombo alikuwa bado analivuta sikio.