Chanjo ya Moti

Hansa alimbana Moti kwa magoti, akavuta ngozi ya shingo kama alivyoelekezwa kwenye simu, akafumba jicho moja na kuchoma. Mbwa mdogo alilia mara moja tu. Aliyepiga kelele ni Kishan.

Sauti ilitoka kifuani, nzito, bila neno ndani yake. Tangu kiharusi kimpige, ndiyo sauti pekee aliyobaki nayo. Mkono wake wa kulia ulilala mapajani. Wa kushoto ulipapasa meza iliyokuwa kando ya kiti, ukaangusha pamba, ukaangusha barafu.

"Basi, baba Rohit, basi. Nimemaliza. Hata hakuumia."

Alimwelewa mumewe, au alidhani amemwelewa. Miaka yote mbwa wa nyumba hii ya Makole walichanjwa hapahapa kibarazani na Kishan mwenyewe, Hansa akiwa amejifungia jikoni kwa kuogopa sindano. Mwanamume hata akiwa hoi hapendi kuona kazi yake inafanywa na mke.

Lakini angefanyaje? Ugonjwa wa kuhara damu ulikuwa ukifagia vitoto vya mbwa mtaa mzima, na Moti hakuwa mbwa wa kulinda geti. Rohit, kijana wao, ndiye aliyemleta ili amchangamshe baba yake. Siku moja Moti aliulamba ule mkono uliokufa, na kidole kikacheza. Hansa alikiona kwa macho yake. Tangu hapo, kila asubuhi alimweka mbwa mapajani mwa mzee na kusubiri, na kidole kilicheza tena, kidogo. Hospitali walikuwa wamempa vidonge na pole. Tumaini alipewa na mbwa.

Kwa hiyo asubuhi hiyo alimpigia simu Ludovick, daktari wa mifugo, naye akawa yuko Kolo, huko Kondoa, kwenye chanjo za vijijini.

"Mkinisubiri tutachelewa, mama," Ludovick alisema. "Namwagiza bodaboda aichukue dawa kwenye friji yangu. Unachoma chini ya ngozi ya shingo, basi. Mzee yupo?"

"Yupo."

"Basi sina wasiwasi. Yeye ni fundi, atakuelekeza."

Hansa alikata simu. Habari ya kiharusi ilikuwa haijatoka nje ya geti. Mjini, mwenye duka akijulikana yuko kitandani, wateja huanza kutoa pole badala ya kununua. Watu waliambiwa mzee anapumzika. Mficha maradhi kifo humuumbua, ni kweli, lakini aliyeutunga msemo huo hakuwa na duka la vipuri.

Dawa ililetwa ndani ya chupa ya chai. Mlikuwa na barafu, bomba la sindano, kichupa kimoja cha dawa, angavu kabisa, na kingine kikavu kilichobaki ukoko tu chini. Ludovick naye, hatupi kitu. Hansa alikiweka kando mezani, akavuta dawa yote kwenye bomba.

Sasa Kishan alikuwa amekinyakua kile kikavu, anakigonga kwenye mbao za kiti. Ko, ko, ko. Akamnyooshea mkewe. Hansa alikipokea na kukitupa kwenye ndoo ya taka. Mzee akalia, machozi kabisa, mpaka Hansa akakiokota, akakifuta kwa upindo wa sari na kumrudishia.

"Baba amerudi utotoni," Rohit alisema jioni alipofunga duka, akageukia ukutani asionekane uso.

Hansa alimwambia anyamaze, ingawa naye alikuwa amefikia hapohapo. Mzee alilala na kichupa, akaamka nacho. Kila Moti alipopita mbele yake, ko, ko, ko. Hansa alimfungulia redio. Alimwongezea sukari kwenye uji. Alimkanda mgongo, akamsogeza kivulini, akamrudisha juani. Alichoka, akaona uchungu, na bado hakujua anaombwa nini.

Halafu asubuhi moja Moti hakuinuka kula. Mchana alitapika povu. Jua lilipoinama sakafu ilikuwa na damu. Hansa alimnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, akayafuta yaliporudi, akamnywesha tena.

"Si umechanjwa wewe?" alimuuliza, kana kwamba mbwa ndiye aliyekosea.

Alimpakata, akamweka mapajani mwa Kishan. Moti aliulamba ule mkono mara moja, kwa ulimi mkavu. Hansa alikikodolea macho kidole. Hakikucheza.

Kishan alikuwa ameacha kugonga.

Ludovick alifika na vumbi la Kondoa hadi kwenye kope, kabeba mkoba na dripu. Alikuta Moti amekwisha funikwa kwa kitambaa. Ndipo alipomwona Kishan kitini, mdomo umepinda, akasimama kama aliyegonga ukuta.

"Shikamoo, mzee," alisema. Akamgeukia Hansa. "Mama, mzee yuko hivi tangu lini?"

"Alikuwa hivi niliposema yupo." "Lakini dawa yako ilikuwa mbovu, Ludovick. Nilimchoma kama ulivyoniambia, yote, hakuna tone lililomwagika. Na bado ametufia."

Kishan alikuwa amemnyooshea Ludovick mkono wa kushoto. Vidole vilifunguka vyenyewe. Daktari alikichukua kile kichupa, akakiinua kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba juu ya kifuniko. Hakikuwa kimetobolewa.

"Mama," alisema taratibu, "yale uliyomchoma ni maji ya kuchanganyia. Dawa yenyewe ni hii."