Mlango Ulioacha Kuitikia

Siku hizi mlango ndio unaoitikia hodi. Anayeitikia kwa mdomo wake huhesabiwa mvamizi, na mlango ambao haujaitikia haufunguki, iwe kwa nje au kwa ndani.

Mlango wa Tunu uliendeshwa na jedwali kuukuu la kompyuta aliloachiwa na marehemu mama mkwe wake, limejaa makro, zile amri ndogo zinazojiendesha zenyewe. Jana Tunu, ambaye ndiyo kwanza ametoka kujifungua, aliona faili linachelewa kufunguka, akalihifadhi upya kwa umbo la kisasa. Onyo likatokea. Akalibonyeza lipite, kama watu wote wanavyofanya. Kumbe umbo jipya halibebi makro! Asubuhi vitufe vilikuwepo vyote, lakini kila alichokibonyeza kilimnunia.

Akampakata mtoto, akatafuta nakala ya zamani kila pembe ya kompyuta. Haikuwepo. Alikwisha kuifuta jana, akidhani mpya inatosha.

"Hodi!" Alikuwa jirani yake, Bi Msimu. Harufu ya uji wa pilipili manga ikapenya chini ya mlango. "Hodi, mzazi!"

Mlango kimya. Tunu alijua hodi ni tatu tu. Mgeni asipoitikiwa, huenda zake.

"Hodi jamani!"

"Karibu!" Tunu alipaza sauti mpaka mtoto akashtuka. "Karibu, Bi Msimu, ni mimi!"

Nje bakuli likaanguka, na kandambili zikashuka ngazi mbio.

"Salale! Njooni jamani, humo ndani mna mtu!"