Maharagwe Yaliyoinamia Shamba

Pasta Kiama alipoinua katoni, maharagwe yalikuwa yameinama tena upande ule ule. Mashina marefu, membamba, meupe kama minyoo ya tumboni, yote yameelekea dirisha la kushoto, na nje ya dirisha hilo ni shamba la Mama Kavindu.

Kanisa lote la mabati likapiga magoti. Kimeu, kitinda mimba wa Mama Kavindu, akabaki wima, mate yamemjaa mdomoni kama mtu aliyemeza nzi.

Kanisa lilikuwa limekodi hapo Murera, na mwenye ploti alikuwa amewaambia wahame. Basi wakapanda maharagwe kwenye karai, wakayafunika kwa katoni, wamwachie Mungu aonyeshe pa kwenda. Upuzi mtupu. Kimeu ni mwalimu wa kilimo huko Ruiru, na jambo hilo yeye hulifundisha kidato cha tatu kila mwaka. Mche ukikosa mwanga hurefuka ovyo ukiutafuta. Ukiupata upande mmoja tu, homoni yake iitwayo auksini hukimbilia upande wenye kivuli, upande huo hurefuka kuliko mwingine, na mche unainama kufuata mwanga. Hapo hakuna malaika. Kuna tundu tu kwenye katoni, na mtu aliyelitoboa.

"Ndugu zangu, hata mimi sielewi," pasta alisema, sauti ikimtetemeka. "Nimeona tu vile nyinyi mmeona."

Mwigizaji mchafu, Kimeu alisema moyoni.

Mama Kavindu akasimama, akafuta macho na leso. "Mungu ameonyesha. Jumapili ijayo naleta hati. Kanisa lijengwe kwangu."

Vigelegele vikapasuka. Kimeu alitoka nje akatema mate, kisha akatema tena. Shamba hilo lilikuwa lao la kurithi, yeye na kaka yake Muema, kila mtu alijua. Mama alipolazwa kitandani na nimonia mwezi wa nne, walileta mpimaji akaligawanya kwa vigingi. Pembe ya Kimeu ilikuwa ile ya barabarani, ambapo angejenga aachane na nyumba za kukodi Ruiru. Sasa mtu mwenye suti ya mtumba anakuja kumdanganya mjane na kumfyonza kama kupe. Usiku huo hakugusa ugali.

Jumamosi asubuhi alirudi Murera. Ufunguo wa kanisa ulikuwa kwa mama, kwenye msumari wa jikoni, kwa sababu ndiye aliyefagia huko na kumwagilia hayo maharagwe. Alimwacha akiwapa kuku mahindi, akauchukua.

Ndani kulinuka udongo mbichi na katoni iliyooza. Ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, kimoja cha vile mama huvitandika kwenye kila kiti nyumbani. Hata vitambaa vyake wamemchukulia, Kimeu aliwaza. Alikitoa. Tundu lilikuwa pale pale alipolitarajia, upande wa shamba, dogo la kupita mwanga tu.

Akashika karai na katoni pamoja, akavizungusha mpaka tundu likatazama vyoo vya nyuma. Kesho maharagwe yangeinamia choo, na pasta aeleze.

"Kimeu."

Mama alikuwa mlangoni na jagi la maji.

Hakujificha. Alimwonyesha tundu, akamweleza habari ya mwanga na auksini, vile alivyomweleza zamani akiwa mwanafunzi, alipoficha maharagwe kwenye katoni ya gambuti za baba chini ya kitanda chake na kumsumbua na maelezo hadi mama akasinzia. Safari hii mama hakusinzia. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwaitu, mama yangu, huyu mtu anakuchezea. Mjane ananyang'anywa shamba huku macho yake yanaona. Si huo ni uchafu?"

"Ni uchafu," mama alisema. "Unanuka, mwanangu. Mimi mwenyewe nimeshindwa kula."

Aliweka jagi chini, akakaribia. Akachukua kitambaa chake na kukikunja vizuri, kisha akatoa sindano ya kufumia mfukoni mwa aproni, akaiingiza kwenye lile tundu. Ikaenea sawasawa.

"Pasta muache, hajui kitu," alisema. "Mwezi wa nne nilikuwa kitandani, Kimeu, na kitanda changu kinaangalia dirishani, kwa hivyo niliwaona mkipanda vigingi. Sasa rudisha hiyo katoni vile nilikuwa nimeiweka."