Ukili wa Siku Kumi na Moja

Mize alichomeka ukindu mwekundu wa kumi na moja kwenye ukili wa mkeka aliokuwa akiusuka. Kila ukindu mwekundu ulikuwa siku moja ya damu, tangu ilipomrudia ghafla, miaka sita baada ya hedhi kukoma.

"Wifi, hivyo vidonge vyako vya homoni vimekurudisha usichana," Saumu alimtania. "Kaka yangu aanze kununua nepi!"

Mize alicheka mpaka ukili ukamponyoka. Kisha akasema, "Vinaweza kunenepesha ukuta wa tumbo la uzazi, Saumu, na huko saratani huweza kuanzia. Daktari alinionya nikiona hata tone nirudi. Nikanyamaza kwa haya. Kesho naenda."

"Utamwambiaje daktari mwanamume maneno hayo?"

"Nitamkunjulia ukili huu, ahesabu mwenyewe."

Saumu hakutania tena. Alichagua ukindu mwekundu mmoja, akamwekea mapajani.

"Wa kesho," alisema. "Tutausuka pamoja kwenye foleni."

Mize aliuchomeka, akaukunja ukili bila kuumaliza, akautia mkobani pamoja na vidonge. Ncha zisizosukwa zilichungulia nje, nyeupe zote isipokuwa ile moja nyekundu ya kesho.